Je, Huruma Inaweza Kuua?

Ndugu msomaji, nina swali lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki, na kwa kuwa huku nilipo sina mwalimu wala mzee wa kuninong'oneza jibu, nimeona bora niliandike. Swali lenyewe ni hili: mtu akitenda jambo kwa huruma, moyo wake ukiwa mweupe kabisa, kisha jambo lile likakaribia kuua watoto wa watu, je, ile huruma ilikuwa wema? Au ilikuwa kitu kingine kilichovaa kanzu ya wema?

Usinijibu haraka kwamba Mungu huangalia nia. Hilo nalijua, na nimejiambia mara nyingi kitandani usiku. Subiri kwanza nikupe mkasa, maana mtu mwenyewe ninayemsema ni mimi.

Nilimaliza kidato cha nne Temeke, matokeo ya kawaida tu, yasiyomfurahisha mzazi wala kumtoa machozi. Nikakaa kijiweni miaka miwili nikiandika riwaya kwenye kaunta buku, hadi shangazi aliponivuta kwake Buffalo, nchini Marekani. Washikaji walioko Bongo hudhani niko New York ile ya maghorofa. La hasha! Buffalo imo katika jimbo la New York, lakini iko upande wa magharibi, mpakani na Kanada, kando ya ziwa Erie. Upepo unaovuka ziwa lile wakati wa baridi hubeba theluji na kuimwaga mjini kama mtu anayemwaga magunia ya unga. Humo mna ndugu zetu wengi waliofika kama wakimbizi: Wakongo, Warundi, Wasomali. Ukipita mitaa ya West Side unaweza kununua unga wa muhogo na kugombana na muuzaji kwa Kiswahili.

Kazi niliyoipata ni ya usaidizi wa fundi wa hita. Fundi mwenyewe ni mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi, sote tunamwita Papa. Leseni ni yake, gari ni lake, ujuzi ni wake. Mimi nabeba sanduku la vifaa, nashika tochi na kujifunza.

Sasa, kwa msomaji wa Dar ambaye baridi kali anayoijua ni ile ya basi la kiyoyozi, lazima nieleze hita yenyewe ni mdudu gani. Ni tanuri la gesi, sanduku la bati ambalo mara nyingi hukaa katika chumba cha chini ya nyumba. Huwasha moto ndani yake, likapasha hewa, kisha feni ikaisukuma hewa ile kupitia mabomba mapana hadi vyumbani. Moshi wa gesi nao hutolewa nje kwa bomba lake au kupitia dohani. Hewa ya vyumbani na moshi havitakiwi kukutana hata siku moja. Kati yao pana ukuta mwembamba wa chuma, na uhai wa nyumba nzima umetegemea ukuta huo pamoja na njia ya moshi.

Lililonivutia zaidi ni jinsi sanduku lile lisivyoamini mtu. Baridi ikizidi, kidhibiti joto kilichoko ukutani huita. Bodi yenye saketi hupokea mwito, lakini haifungulii gesi papo hapo. Kwanza huwasha feni ndogo ya kuvuta moshi. Kisha huuliza: je, moshi una njia? Anayejibu ni swichi ya presha, kidude cha duara mfano wa kisosi cha kahawa, chenye utando laini ndani. Feni ikivuta sawasawa, utando hubonyea, swichi hujifunga na umeme hupita. Maana yake: ndiyo, njia ipo. Hapo kiwashio huwaka hadi kuwa chekundu kama kaa la jikoni, vali ya gesi hufunguka, moto hushika. Bodi bado haijaridhika. Huuliza tena: je, moto kweli umewaka, au tunamwaga gesi bure? Anayejibu safari hii ni kijiti cha chuma kilichosimama ndani ya ndimi za moto. Umeme mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni moja za ampia, hupita katika moto wenyewe na kurudi kwenye bodi. Usiporudi, vali hufungwa ndani ya sekunde chache. Kuna na swichi nyingine inayochunga joto lisizidi, na nyingine inayochunga moto usitoke nje ya chumba chake. Kila mmoja ni shahidi. Shahidi mmoja akikataa kusaini, kazi husimama, na taa ndogo kwenye bodi huanza kukonyeza: mara mbili, mara tatu, mara nne, kila idadi na maana yake, na orodha imebandikwa nyuma ya mlango wa sanduku.

Basi, fundi mzuri ni yule anayejua kuwasikiliza mashahidi. Hilo Papa alinifundisha siku ya kwanza. La pili alilonifundisha, ambalo ndilo liliniponza, ni kwamba shahidi naye anaweza kukosea.

Tulikwenda kwa wazee wawili, mume na mke, ambao hita yao ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, kama mtu mwenye kwikwi. Papa aliichungulia mara moja tu, akachomoa kile kijiti cha kuhisi moto. Kilikuwa na utandu mweupe. Akakisugua taratibu kwa stilwaya laini, akakirudisha, na hita ikawaka moja kwa moja. Dakika kumi! Akanieleza: "Huyu hakusema uongo. Macho yake ndiyo yaliingia ukungu. Moto ulikuwako, yeye hakuuona." Nikacheka sana. Moyoni nikaandika: kumbe vifaa hivi huleta ubishi wa bure.

Siku nyingine nikamwona akikutana na swichi ya presha iliyokataa kujifunga. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha nyaya mbili za swichi ile, hita ikadhani shahidi amesaini, ikawaka. Mkono mmoja wa Papa ulikuwa kwenye waya, jicho kwenye moto, na kipimo cha mvuto wa hewa kikining'inia kando. Baada ya nusu dakika akauchomoa waya, akasema swichi ni mbovu, mvuto ni mzima, akaweka swichi mpya. Akaukunja ule waya na kuutia mfukoni mwa shati, karibu na kalamu. "Mwana," akaniambia, "waya huyu ni mgeni wa dakika moja. Mgeni huyu halali mule ndani. Umesikia?" Nikasema nimesikia, Papa. Sikio lilisikia. Akili ilichukua waya, ikaacha maneno.

Nije sasa kwenye mkasa. Desemba 2022, wakati wa Krismasi, dhoruba ya theluji iliipiga Buffalo, ikaua watu zaidi ya 40 mjini na katika vitongoji vyake. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zao ambamo joto lilikatika. Nalitaja hili ili usije ukadhani baridi ni mzaha. Baada ya pale, kila aliyesikia hita yake imezimika alishikwa na kiwewe.

Ijumaa ya kwanza ya Februari 2023 baridi kali ilirudi. Saa tatu usiku nikapigiwa simu na mama mmoja tunayesali naye, mzaliwa wa Uvira, ambaye mimi humwita Mama Mapacha. Hita imekufa tangu mchana. Mwenye nyumba hapokei simu. Mapacha wake wana miaka mitatu. "Kaka yangu, nisaidie, watoto wanatetemeka."

Jambo la kufanya lilikuwa wazi: kumpigia Papa. Sikumpigia. Nilijiambia kwamba mzee amechoka, amelala, mguu unamsumbua. Huo ulikuwa ukweli, na ndani ya ukweli ule nilificha jambo jingine, nami nitalitaja mbele kidogo.

Nikachukua sanduku la vifaa nikaenda. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mbao, yenye dohani ya matofali. Kule chini nikaifungua hita. Feni ndogo ikazunguka, kisha kimya. Taa ikakonyeza mara tatu. Nikasoma orodha: swichi ya presha. Nikatoa mrija wake nikaupuliza, ulikuwa safi. Juu yangu, kupitia sakafu ya mbao, nilisikia mtoto mmoja akilia na mwenzake akipokea. Nikasema: hii ni ile ile, swichi mbovu. Nikakata kipande cha waya, nikaunganisha.

Hita ikawaka. Wallahi, msomaji, sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Feni kubwa ikaanza kupuliza, na kule juu Mama Mapacha akapiga kigelegele. Nilipopanda alinishika mikono yote miwili, akaniombea dua ndefu ya Kifuliiru na Kiswahili, akanipa chai ya maziwa na chapati mbili. Nikamwambia kesho nitaleta kifaa kipya. Saa tano usiku nikatoka, natembea kwenye theluji kama mfalme. Waya niliuacha ndani.

Nililala nikaamka saa kumi alfajiri, bila sababu. Maneno ya Papa yakanirudia moja moja. Mgeni huyu halali mule ndani. Saa kumi na mbili na nusu alipokuja kunichukua, nikamwambia kabla sijafunga mlango wa gari. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Ile swichi ilikatala sababu ya nini?"

Nikasema ni mbovu.

"Ulipima mvuto?"

Kipimo cha mvuto alikuwa nacho yeye. Kimya changu kikawa jibu. Papa akageuza gari katikati ya barabara.

Alipiga simu ya mama yule mara mbili tukiwa njiani. Ya pili ikapokelewa. Akasema maneno machache tu: zima hita, funika watoto, tokeni nje mara moja, sisi tunafika. Kisha akapiga simu ya zimamoto. Tulimkuta barazani na mapacha wamefungwa blanketi moja, mmoja ametapika. Yeye mwenyewe alisema kichwa kinampasuka, alidhani mafua. Papa aliwaingiza kwenye gari, akaliacha linaunguruma na joto lake, akaingia mlangoni na kipimo cha hewa mkononi. Sebuleni kilisoma sehemu 70 za kaboni monoksidi katika milioni. Hakuteremka chini. Akarudi akasimama nje pamoja nasi hadi wazimamoto walipofika.

Kaboni monoksidi ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzaliwa pale moto unapokosa hewa ya kutosha. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haina inachokibeba. Msomaji wa nyumbani usidhani ni habari za Marekani hizo. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wetu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, kule Njombe, Arusha au Nairobi, wakafunga mlango na dirisha na kulala. Asubuhi majirani husema wamelogwa.

Kilichotokea kilifahamika siku ile ile. Ndani ya dohani matofali yalikuwa yamemomonyoka, yakaanguka na kuziba sehemu kubwa ya njia. Swichi ya presha ilikuwa nzima kama yai. Ilikuwa inasema kweli: moshi hauna njia, msiwashe. Mimi nikamziba mdomo. Moshi ukapanda, ukagonga matofali, ukarudi, ukatokea kwenye tangi la kuchemshia maji lililotumia dohani ile ile, ukajaa nyumba polepole usiku kucha. King'ora cha kaboni monoksidi kilikuwepo ukumbini, lakini betri yake ilikuwa imetolewa wiki mbili kabla, kwa sababu iliishiwa nguvu na kikawa kinatoa mlio kila baada ya muda, na mapacha hawalali. Kwa hiyo mashahidi walikuwa wawili, na wote wawili tuliwanyamazisha kwa ajili ya usingizi wa watoto. Kwa ajili ya usingizi wa watoto!

Hospitali waliwapa oksijeni, wakapona wote watatu. Nashukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Hebu sasa turudi kwenye swali letu. Wako watakaonitetea. Rafiki yangu mmoja hapa aliniambia: "Usijitese. Ungewaacha wafe kwa baridi? Wewe ulichagua kati ya mauti mawili." Hoja hii ina uzito, na nimeitafakari sana, kwa kuwa si uongo kwamba baridi ya mji ule huua. Lakini ukiitazama vizuri ina tundu. Mbele yangu hapakuwa na njia mbili tu. Ningeweza kumpigia Papa. Ningeweza kuwahamishia kwa shangazi, mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kuazima hita ya umeme kanisani. Ningeweza hata kuomba nilale palepale sebuleni. Aliyezipunguza njia zikawa mbili ni mimi, na nilizipunguza kwa sababu moja kati ya hizo mbili ilikuwa na kigelegele mwishoni.

Hilo ndilo nililolificha. Nilitaka kuwa mwokozi. Miezi yote ile nilikuwa mbeba sanduku, mshika tochi, kijana wa kidato cha nne ambaye hajawahi kuitwa fundi na mtu. Usiku ule niliitwa. Huruma yangu ilikuwa ya kweli, siikani, nilimsikia yule mtoto akilia na moyo ukaniuma. Lakini ndani ya huruma ile palikuwa na njaa ya shukrani, na njaa haina subira. Huruma peke yake ingeuliza: kesho asubuhi watakuwaje? Njaa ya shukrani iliuliza: sasa hivi wataniambia nini?

Yuko na mwingine atakayesema kosa langu ni kutoamini mtambo. Amini mtambo siku zote nawe utakuwa salama. Huyu naye simkubali. Kile kijiti chenye utandu mweupe kilikuwa kinakana moto uliokuwa unawaka mbele yake. Ukiamini kila onyo bila kuuliza, wale wazee wawili wangekaa gizani na baridini bure. Na tuwe wakweli, dunia imejaa maonyo ya uongo. Kuna wazee wanaomwonya binti asisome, kuna wakubwa wanaoonya watu wasiulize. Anayesema "huyu shahidi amekosea" huenda ndiye mwenye haki. Kwa hiyo kutilia shaka onyo si dhambi. Papa mwenyewe alitilia shaka, tena kwa waya kama ule ule wangu.

Basi tofauti iko wapi? Waya ni mmoja, vidole ni vya binadamu, swichi ni ile ile. Kwa muda mrefu nilidhani tofauti ni ujuzi: yeye ni fundi, mimi mwanafunzi. Ujuzi umo, lakini haumalizi jambo. Nimewaona mafundi wenye vyeti wakiacha waya ndani kwa kuwa wana haraka ya nyumba inayofuata. Huko kwetu sote tumeona fyuzi ikikatika na jamaa akafunga unyuzi wa shaba mahali pake. Kazi imekwisha, taa inawaka, nyumba itaungua mwaka mwingine. Tumeona dereva anayechomoa taa ya oili kwenye dashibodi kwa kuwa inamkera. Mwaka 2004 serikali ya Kenya ililazimisha matatu kufunga vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, na haukupita muda mrefu wakapatikana mabingwa wa kuvichezea. Wote hao wana ujuzi, tena mwingi.

Jibu sikulipata kwenye kitabu. Alinipa Mama Mapacha.

Siku nne baadaye nilikwenda kumwona katika nyumba ya muumini mmoja walikohifadhiwa. Papa hakuwa amemwambia lolote. Alikuwa ameniambia mimi, mara moja tu: "Neno hili ni lako. Mimi sitalisema, na sitakuuliza kama umelisema." Mama aliponiona alisimama, akanishukuru tena! Kwamba niliwapa joto usiku ule, kwamba asubuhi tuliwahi, kwamba mwenye nyumba ndiye shetani. Kila shukrani ilinichoma. Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, na mwenye nyumba kweli alikuwa na makosa yake. Nilifikiri: nikinyamaza, nitakuwa nimefunga waya wa pili.

Nikamweleza yote. Swichi, waya, dohani, maneno ya Papa niliyoyapuuza. Alinisikiliza akiwa amempakata pacha mmoja. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha hakuniuliza kwa nini nilifunga waya. Aliuliza: "Kaka yangu, kama ulikuwa hujui hakika, kwa nini hukukaa?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Lakini katika swali lile mna kila kitu. Papa anapofunga waya, hukaa. Jicho liko kwenye moto, mkono uko kwenye waya, yeye na hatari wako chumba kimoja, na ikilipuka italipuka usoni mwake. Anamnyamazisha shahidi kwa nusu dakika ili amwelewe. Mimi nilimnyamazisha nikaenda zangu. Hatari niliyoizua niliwaachia waliolala, wasiojua hata kwamba ipo, huku mimi nikitembea kwenye hewa safi na tumbo la chapati. Ndiyo maana nasema, kwa mtazamo wangu, una haki ya kulitilia shaka onyo lolote duniani endapo utabaki nalo mpaka ulipatie jibu, na wewe uwe wa kwanza kuumia ukikosea. Ukilizima kisha ukaondoka, hata kama uliondoka na dua za watu, umewakopa uhai wao bila kuwaambia.

Kuna kisa cha kweli ambacho mafundi wa gesi Marekani hukijua. Gesi asilia nayo haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, jimbo la Texas, gesi iliyovuja chini ya sakafu ya shule ililipuka wanafunzi wakiwa darasani. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Shule ile ilikuwa imeacha gesi ya kununua na kujiunganishia bomba la gesi ya mabaki kutoka visima vya mafuta ili kuokoa fedha. Baada ya msiba ule Texas ilitunga sheria kwamba gesi itiwe dawa yenye harufu mbaya, na desturi hiyo ikaenea. Harufu ile ya kuoza unayoinusa mtungi wa gesi unapovuja, hata huko Mbagala, imewekwa kwa makusudi. Watu walizika watoto, kisha wakaipa gesi sauti. Nami nilikutana na mtambo ambao tayari una sauti, nikauziba kwa senti mbili za waya.

Nawaandikia hasa ninyi waandishi wenzangu chipukizi, na msidhani nimetoka nje ya mada. Kijiweni nilikuwa na rafiki aliyesoma riwaya yangu, akaniambia sura ya tatu imekufa, mhusika wangu anahubiri. Tangu siku ile nikaacha kumpa kazi zangu. Nikatafuta wasomaji wapya wanaosema "bomba, mzee, endelea". Riwaya ikaendelea, kurasa 200 na zaidi, nikiamini inawaka. Majuzi niliisoma upya. Sura ya tatu imekufa. Huenda rafiki yule angekuwa amekosea. Sikukaa naye nipime. Nimemwandikia barua kumwomba radhi, na sura nimemtumia.

Papa hakunifukuza. Alininyima waya kwa miezi sita, nikarudi kuwa mshika tochi, na alikuwa na haki. Mama Mapacha amerudi nyumbani kwake, dohani imetiwa bomba jipya la chuma ndani, king'ora kina betri. Ananiita bado kaka yangu. Lakini baridi ikianza, huniuliza kabla sijavua koti kama nitakaa, nami hukaa mpaka hita iwake, izime na iwake tena mara tatu, na chai hupoa mezani.

Kama huruma inaweza kuua, basi je, tuiogope? Hapo ndipo nilipokwama, ndugu msomaji. Nawe unasemaje?